Fundi Sekunde na Prosesa ya Viini Sita

Katika ghorofa ya pili ya jengo la mafundi, kati ya mtengeneza simu na mshona viti vya magari, palikuwa na chumba ambacho mtu mwenye akili zake hakununua prosesa bila kukipitia. Humo alikaa Fundi Sekunde. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na korido, kwa ajili ya saa aliyoivaa shingoni, ile ya kubonyeza ambayo walimu wa michezo hupimia wakimbiaji. Aliinunua kwa mwalimu mmoja aliyestaafu, na kwa miaka kumi na minane ikawa ndiyo hakimu wa ghorofa nzima.

Prosesa, kwa asiyeijua, ni kile kipande bapa kinachokaa katikati ya kompyuta na kufikiri kwa niaba ya vifaa vingine vyote. Kwa nje zote zinafanana, na hapo ndipo wauzaji wanapopata ulaji. Huyu atakuapia kuwa yake ni mpya, yule atakuapia kuwa yake imetoka benki na haijawahi hata kupata joto. Tena tangu zianze kuja zenye viini vingi, yaani sehemu nyingi za kufanyia kazi ndani ya kipande kimoja, maneno ndiyo yakazidi. Viini viwili, vinne, sita! Mnunuzi anatajiwa viini mpaka kichwa kinamzunguka, analipa, anafika nyumbani, na mashine inajikokota vilevile.

Fundi Sekunde hakuwa na habari na maneno. Ukimpelekea prosesa, aliipachika kwenye mojawapo ya zile madabodi zake, mabamba ya kupachikia vifaa vya kompyuta, zilizolala mezani bila makasha, akawasha, akafungua faili moja liitwalo Orodha. Kisha alibonyeza kitufe kimoja kwenye kompyuta na kingine kwenye saa, kwa mpigo. Hapo hata aliyekohoa alitazamwa vibaya. Kazi ikiisha, aliandika sekunde kwenye daftari lenye jalada gumu la kijani, akatoka mlangoni, akachukua chaki na kuandika kwenye ubao jina la prosesa na neno moja: NDIYO au HAPANA. Neno la tatu hakuwa nalo. Mtu akimwuliza kama hakuna "labda", alimjibu kuwa labda ziko kwa watabiri wa mvua, aende huko. Watu waliupiga picha ule ubao wakatumiana, na prosesa iliyopata HAPANA iliota vumbi kwenye rafu mpaka mwenye duka akaichukia.

Sasa hiyo Orodha haikuwa faili la hivihivi. Alipokuwa bado fundi kijana asiye na jina, alikuja mwanamke mmoja, mkutubi wa chuo, amekumbatia kompyuta kifuani. Alikuwa ameshazunguka kwa mafundi watatu. Wote walimwuliza mashine ina umri gani, wakamshauri anunue nyingine. Huyu kijana akavuta kigoda, akampisha aketi mbele ya meza, akamwambia, "Hebu nionyeshe kazi yako." Mkutubi akamwonyesha. Ilikuwa orodha ya vitabu vyote vya maktaba ya chuo, zaidi ya safu elfu arobaini, kila kitabu na safu yake, ameviingiza kwa vidole vyake mwenyewe kwa muda wa miaka mitatu. Akitaka kuipanga upya na kukokotoa vilivyopotea, anabonyeza, anakwenda kunywa chai, anarudi, bado inazunguka.

Fundi alihangaika na mashine ile wiki nzima, akabadilisha prosesa tatu, mpaka ile kazi ya dakika kumi na moja ikaisha kwa dakika moja na nusu. Mkutubi alipobonyeza na kuona imekwisha kabla hajainuka kitini, alicheka kicheko ambacho fundi alikisikia masikioni mwezi mzima. Mwaka uliofuata wakaoana. Mke aliwahadithia wageni kisa hicho kila mara, na hakuchoka kukimalizia vivyo hivyo: "Wenzake waliniuliza habari za mashine. Yeye peke yake aliniuliza nafanya kazi gani."

Mke huyo alifariki miaka sita iliyopita, kwa ugonjwa ulioanza kama kikohozi cha kawaida. Fundi hakuugeuza msiba kuwa hotuba. Alifunga chumba siku arobaini, kisha akafungua, akapachika prosesa, akafungua Orodha. Kigoda alichokuwa akikalia mke alipopita jioni kumchukua, alikirundikia vifaa vibovu mpaka kikatoweka.

Programu ya kufungulia Orodha ilikuwa ileile ya siku za mkewe. Matoleo mapya yalitoka, moja baada ya jingine, naye aliyakataa yote katakata. Alisema huwezi kubadilisha rula katikati ya kupima, maana sekunde za mwaka huu hazitalingana tena na za mwaka juzi kwenye daftari. Lilikuwa neno la mtu makini, na korido yote ililikubali. Mimi pia ningelikubali.

Mpwa wake, binti wa dada yake wa pekee, alikuwa mchora katuni. Si za kwenye karatasi, bali zile zinazotembea, zinazochorwa kwenye kompyuta kisha kompyuta yenyewe ikazipaka mwanga na kivuli, picha moja baada ya nyingine, mpaka zikiunganishwa mtoto anaonekana anakimbia kweli. Mchana alifanya kazi kwenye kibanda cha kutoa fotokopi, amesimama kutwa mbele ya mashine inayopumua moto, na miguu ilimvimba. Katuni alizifanya kwa muda wa kuibia. Siku moja kampuni ya kutengeneza vipindi vya watoto ikampa jaribio: katuni ya dakika mbili ya mtoto anayejifunza kuvuka barabara. Ikipendeza na ikifika kwa wakati, anapewa nyingine kumi na mbili, na fotokopi kwaheri. Akaacha kazi kibandani hata kabla ya kupata jibu, jambo ambalo mama yake alilipigia kelele siku tatu.

Alihitaji mashine, na mfuko wake ulikuwa mwembamba. Alizunguka korido, na kwa Bi Katoni akaiona aliyoitaka: prosesa mpya ya viini sita, pamoja na madabodi yake, kwa bei ya chee.

Bi Katoni alikuwa na duka upande wa pili wa korido, mlango ukitazamana na wa Fundi Sekunde. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuwahi kupata fedha za kununulia rafu, bidhaa zake zote zilipangwa ndani ya makatoni mpaka darini, na aliweza kukwambia kitu chochote kiko katoni ya ngapi kutoka chini. Alikuwa ameagiza prosesa kumi na mbili za aina ile, kwa fedha aliyoidunduliza mwaka mzima.

"Mwanangu, usinunue kitu kabla sijakipima," mjomba alimwambia mpwa wake.

Basi ikaletwa kupimwa. Watu wakajaa mlangoni kama kawaida yao, Bi Katoni mwenyewe akiwa mbele, mikono kifuani. Fundi akafungua Orodha, akabonyeza. Mpwa, kwa udadisi wa ujana, alikuwa amefungua pembeni ya kioo cha kompyuta kile kidirisha kinachoonyesha kila kiini kinavyofanya kazi. Mstari mmoja ulipanda mpaka juu kabisa. Mingine mitano ililala chini, bapa.

"Mjomba, hivi vingine mbona vimelala?"

"Ndiyo viini sita hivyo!" Fundi alijibu, akawageukia watu. "Familia ya watu sita, anayefanya kazi mmoja. Wengine wanasubiri chakula!"

Korido nzima ikaangua kicheko. Mshona viti alicheka mpaka akashika nguzo. Kazi ikaisha kwa sekunde sitini na moja. Halafu Fundi akapachika prosesa yake mwenyewe ya viini viwili, ya mtumba, iliyotoka kwenye kompyuta ya ofisi. Sekunde arobaini na nne. Hakukuwa na la kubishania. Akatoka na chaki, akaandika chini ya jina la prosesa ya Bi Katoni: HAPANA, kwa herufi kubwa kuliko kawaida, kwa kuwa watu walikuwa bado wanacheka na kicheko cha watu kinavimbisha kichwa. Bi Katoni alichukua kitu chake, akarudi dukani, akafunga mlango ingawa ilikuwa saa nne asubuhi. Mpwa akaondoka na ile ya viini viwili.

Wiki tatu baadaye, Jumatatu asubuhi, Fundi alipigiwa simu na dada yake.

"Kaka, nenda kamtazame mtoto. Toka jana hajatia kitu mdomoni."

Akaenda. Mpwa alipanga chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na ngazi zake zilinuka rangi na saruji. Alimkuta ameketi kitandani, magoti kidevuni, macho mekundu, anaitazama kompyuta iliyokuwa juu ya meza ndogo karibu na dirisha. Kasha lilikuwa limefunguliwa ubavu, na feni ya mezani imeelekezwa ndani yake, wakati binti mwenyewe jasho linamtoka.

"Katuni niliimaliza juzi," alisema bila kumtazama. "Walipoiona wakaipenda. Ila wakasema fulana ya mtoto isiwe nyeupe, iwe ya njano, madereva wamwone. Nikabadilisha, kazi ya dakika moja. Lakini sasa mashine lazima ipake picha zote upya, mjomba. Picha elfu moja mia nne na arobaini. Kila picha inataka dakika sita na kitu. Nimepiga hesabu, ni zaidi ya siku sita. Wanaitaka Ijumaa saa sita mchana."

"Waombe Jumatatu."

"Nimeomba. Wamesema wana mtu mwingine."

Fundi alikaa mbele ya meza, kwa kuwa mtu wa mashine akikwama huiangalia mashine. Akafungua kile kidirisha cha viini. Mistari ilikuwa miwili, na yote miwili ilikuwa imesimama juu kabisa, imegusa dari, haishuki hata chembe. Hakuna aliyelala.

Akaitazama kwa muda mrefu. Picha moja ikaisha, mistari ikashuka kufumba na kufumbua, ikapanda tena yote miwili kwa pamoja. Alikumbuka ile mistari mitano iliyolala bapa asubuhi ile watu wakicheka. Haikulala kwa uvivu. Haikupewa kazi! Ile programu yake ya zamani, iliyoandikwa enzi ambazo prosesa zilikuwa na kiini kimoja, ilijua kumwita mmoja tu. Hata ungeiwekea viini mia, ingemwita mmoja, tisini na tisa wangekaa. Miaka yote hiyo alikuwa akipima kiini kimoja na kutoa hukumu ya prosesa nzima. Akajiona mwenyewe mlangoni, na chaki yake, na mzaha wake.

"Mwanangu," alisema. "Ile ya Bi Katoni, ya viini sita. Hii kazi yako ingeviita vyote."

"Najua, mjomba."

"Unajua?"

"Nilikuwa nimesoma kabla ya kuja kwako. Watu wanaofanya kazi kama yangu walisema kwetu sisi idadi ya viini ndiyo muhimu, hata kama kimojakimoja hakina mbio. Lakini wewe ulipopima ikawa hivyo... na watu walikuwa wamejaa..."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Wewe ni mjomba. Nikasema labda nimesoma vibaya."

Hilo lilimuuma kuliko tusi. Mtoto amebeba jibu sahihi mkononi, akalitupa kwa heshima yake. Fundi Sekunde alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne, na ni mara chache katika umri huo mtu anaona aibu mbele ya mtoto aliyewahi kumbeba mgongoni. Aliiona siku hiyo, na sifa nampa kwa jambo moja: hakutafuta pa kuificha.

"Inuka unawe uso," alisema. "Zima hiyo. Tunaibeba."

Walipanda ngazi za jengo la mafundi, yeye na kasha begani, mpwa nyuma na kioo. Hakuingia chumbani kwake. Alimwachia mpwa mizigo mlangoni, akavuka korido, hatua saba tu, na hatua hizo saba hakuwa amezivuka tangu siku ya kicheko.

Bi Katoni alikuwa akibandika karatasi za bei. Hakuinua kichwa.

"Leo umekuja kupima makatoni?"

"Nimekuja kukuomba, dada."

"Kuniomba mimi? Mimi muuza familia ya watu sita?" Alilamba kidole, akabandika karatasi nyingine. "Unajua niliagiza ngapi? Kumi na mbili. Unajua zimebaki ngapi?"

Fundi akayahesabu makatoni kwa macho.

"Kumi na mbili," alisema Bi Katoni. "Hata mtu wa kuuliza bei hakuna. Wanakuja, wanasoma ubao wako, wanapitiliza."

"Nilikosea kupima."

Hapo ndipo Bi Katoni alipoinua kichwa. Korido ile ilikuwa imeshuhudia mengi, ilishuhudia moto wa nyaya na harusi mbili za mtengeneza simu, lakini maneno hayo mawili kutoka mdomo wa Fundi haikuwahi kuyasikia. Fundi akamweleza yote, jinsi Orodha inavyoita kiini kimoja, na mpwa wake, na Ijumaa. Alieleza akiwa amesimama, kwa sababu hakuambiwa akae.

Bi Katoni alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ukiniomba hapa, tukiwa wawili, nitakupa, maana yule binti hana kosa. Lakini mimi ulinipima mbele za watu. Kunisafisha unataka uvunguni?"

Fundi angeweza kusema muda ni mchache, na ungekuwa ukweli. Alifikiria ubao wake, na miaka kumi na minane, na watu waliopiga picha. Akamfikiria binti aliyeketi kitandani, magoti kidevuni.

"Watu wapo," alisema. "Nakwenda kuwaita."

Akawaita mwenyewe, mlango kwa mlango. Mshona viti akaja na sindano mdomoni, mtengeneza simu akaja na miwani yake ya kukuzia, wakaja na wengine ambao hawakuwa na shughuli yoyote ila walikuwa na masikio. Bi Katoni akaingia wa mwisho, akaikabidhi prosesa na madabodi yake kwa mikono miwili.

Fundi akapachika. Akawasha. Mkono ukaenda wenyewe kwenye Orodha, kwa mazoea, akaurudisha.

"Leo tunapima kwa kazi yake," alisema, akamwachia mpwa kiti.

Mpwa akafungua katuni. Mtoto wa fulana ya njano alisimama ukingoni mwa barabara, mguu mmoja umeinuliwa. Fundi akafungua kidirisha cha viini ili kila mtu aone, akashika saa. Wakabonyeza.

Mistari sita ilipanda kwa pamoja mpaka juu, ikabaki huko. Feni ya prosesa ikaanza kuvuma. Watu walinyamaza, macho kwenye kioo, na mwanga ukaanza kuenea juu ya ile fulana kidogo kidogo, kutoka juu kwenda chini. Sekunde zilikwenda. Ilipotimia dakika mbili na nusu, mtu mmoja akakohoa na hakuna aliyemjali. Picha ikaisha.

"Dakika mbili na sekunde hamsini," Fundi alisoma. "Ile niliyompa mimi inatumia dakika sita na sekunde kumi."

"Kumbe familia nzima inachapa kazi!" alisema mshona viti. "Wewe ndiye uliyewanyima vibarua!"

Wakacheka, na safari hii walikuwa wakimcheka yeye. Kicheko kilimpata barabara. Alisimama palepale, akakipokea chote, na Bi Katoni, aliyekuwa na haki ya kucheka kuliko wote, alitabasamu tu na kutazama kando. Mpwa alikuwa tayari anapiga hesabu kwa vidole, midomo inamchezacheza.

"Siku tatu, mjomba! Haifiki hata siku tatu kamili! Alhamisi mchana imekwisha!"

Akamkumbatia mjomba wake mbele za watu, na saa ya kubonyeza ikabanwa katikati yao.

Watu walipotawanyika, mashine iliachwa hapohapo mezani ifanye kazi, haikuzimwa. Mpwa alibaki akiitazama, akimtazama na mjomba wake aliyekuwa ameketi juu ya kasha, daftari la kijani magotini, analifungua na kulifunga.

"Mjomba, hizo sekunde zako si za uongo," alisema. "Kwa kazi ya mkazamjomba zilikuwa sahihi. Yeye alihitaji kiini kimoja chenye mbio. Kila aliyekuja na kazi kama yake, ulimshauri vizuri."

"Wengine je?"

Mpwa akalitazama lile daftari la kijani.

"Programu mpya nilizikataa kwa ajili ya vipimo," Fundi alisema. "Ndivyo nilivyowaambia watu. Ukweli, mwanangu, kule pembeni mwa Orodha, kwenye sehemu ya maoni, mkazamjomba wako alikuwa anaandika vichekesho. Kitabu kimoja ameandika, 'Kurasa arobaini zimeliwa na panya, haijulikani kama ameelewa.' Kingine, 'Kimeazimwa na mkuu wa chuo, tumuombe Mungu.' Mimi nikishabonyeza saa, nakuwa nasoma. Kila prosesa ikija, nasoma kidogo. Nilikuwa naogopa programu mpya itaimaliza kufumba na kufumbua, nitafute kipimo kingine, nisiwe tena na sababu ya kuifungua."

Alisema hayo, machozi yakamtoka, naye hakuyafuta. Mpwa alishuka kwenye kiti akaketi sakafuni karibu naye.

"Kwani mtu anahitaji sababu?" aliuliza.

Wakaifungua Orodha kwenye kompyuta nyingine. Hakuna aliyeshika saa. Walisoma maoni ya mkutubi mpaka jua likaondoka dirishani, na mara mbili mtengeneza simu alichungulia ajue wanachekea nini.

Alhamisi saa nne asubuhi picha ya mwisho ikaisha. Ijumaa kabla ya saa sita katuni ilikuwa kwa wenyewe, na Jumanne mpwa alipigiwa simu kuhusu zile kumi na mbili. Mama yake, aliyepiga kelele siku tatu, sasa aliwaambia majirani kuwa yeye alijua tangu mwanzo.

Ila mambo ya ubao yalimalizwa jioni ileile ya Jumatatu. Fundi alitoka na kitambaa chenye maji, akafuta HAPANA ya Bi Katoni, na mahali pake akaandika NILIKOSEA. Watu wakapiga picha. Picha hiyo ilizunguka kuliko zote alizowahi kuandika, na kufikia mwisho wa wiki prosesa za Bi Katoni zilibaki mbili. Naye Bi Katoni alianza kutazama bei za rafu, ingawa alisema hana uhakika kama ataweza kupata kitu kisipokuwa kwenye katoni.

Wiki iliyofuata alipanda ngazi mzee mmoja, mfasiri wa nyaraka za mahakama, amevaa koti na kukumbatia kompyuta kifuani.

"Fundi, nimesikia viini sita ndiyo mpango mzima," alisema huku akihema. "Nami niwekee sita. Au kama viko vinane, basi vinane!"

Mkono wa Fundi uliigusa saa shingoni, kisha ukaiacha. Alikwenda kwenye kona, akaanza kushusha vifaa vibovu kimoja kimoja, feni zilizokufa, waya, makasha matupu, mpaka kigoda kikaonekana. Akakipangusa vumbi kwa kiganja, akakisogeza mbele ya meza.

"Karibu uketi, mzee wangu," alisema. "Hebu nionyeshe kazi yako."